Je, Wajua? Joto la Ghafla Liliwahi Kulipasua Tundu la Ozoni

Septemba 2002, tundu la ozoni juu ya Antaktika lilipasuka vipande viwili. Mawimbi makubwa ya hewa yalipanda hadi stratosfia, yakavuruga pepo kali zinazoizunguka ncha ya kusini kila majira ya baridi, na joto likapanda ghafla.

Pepo hizo zikiwa imara, hewa iliyozingirwa ndani hupoa hadi chini ya nyuzi -78 za Selsiasi, na mawingu ya asidi na barafu hufanyika. Juu ya chembe za mawingu hayo, klorini itokanayo na gesi za majokofu ya zamani na makopo ya kupulizia hugeuka kuwa kali. Jua la Septemba likirejea, klorini hiyo huanza kuiangamiza ozoni. Joto likipanda, mawingu hutoweka, na ozoni kutoka nje huingia.

Joto la ghafla likatokea tena 2019: tundu likawa dogo kuliko yote tangu 1982. Tusihesabu huo kuwa uponyaji. Mwaka uliofuata tundu lilikuwa kubwa tena. Kinachoiponya ozoni kwa kweli ni Itifaki ya Montreal ya 1987, iliyoanza kuzibana gesi hizo.