Namna ya Kuandaa Udongo na Trei za Miche Nyumbani Kabla ya Mvua za Vuli

Mvua za vuli katika Mkoa wa Mara hunyesha kwa kipindi kifupi, kwa kawaida kati ya Oktoba na Desemba, na kaya inayosubiri mvua ianze ndipo isie mbegu za nyanya au kabichi huwa imekwishapoteza mwezi mzima. Mche wa nyanya huhitaji takriban wiki nne kitaluni kabla ya kuhamishiwa bustanini, na wa kitunguu huhitaji wiki sita hadi nane. Kwa hiyo mwananchi wa Musoma, Bunda au Butiama anayetaka miche yake ikutane na mvua hana budi kusia mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, wakati ardhi bado kavu na jua kali. Utabiri wa msimu wa vuli unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ndio mwongozo wa kupanga tarehe hiyo.

Kusia katika kipindi hicho hufanikiwa zaidi kwenye trei au chombo kidogo kilicho karibu na nyumba, ambako maji machache yanatosha. Hata hivyo, wengi wanaojaribu hujaza chombo udongo uliochotwa bustanini na kuona miche ikianguka ndani ya siku chache baada ya kuota. Lawama hupelekwa kwa mbegu, wakati mara nyingi kosa ni la udongo.

Udongo unaofaa bustanini haufai peke yake ndani ya trei. Bustanini, maji ya ziada huendelea kushuka kwenye tabaka za chini. Katika trei yenye kina cha sentimita tano safari hiyo hukatika kwenye kitako, na maji hujikusanya hapo hata kama matundu yapo. Jambo hili linaweza kuonekana kwa kipande cha sifongo kilicholoweshwa: kikilazwa hudondosha maji kisha huacha, lakini kikisimamishwa wima hudondosha tena. Chombo kifupi ni sawa na sifongo iliyolazwa. Ndiyo maana desturi ya kuweka kokoto chini ya udongo ili maji yatoke haisaidii. Kokoto hupunguza tu kina cha udongo na kulisogeza tabaka lenye maji karibu zaidi na mizizi. Dawa ni kuufanya udongo wenyewe uwe na nafasi kubwa za hewa.

Mchanganyiko uliozoeleka ni ndoo tatu za udongo wa juu, ndoo mbili za samadi iliyooza vizuri au mboji, na ndoo moja ya mchanga. Uwiano huo ni wa kuanzia tu, kwa sababu udongo wa wilaya hizi tatu haufanani. Kwenye mbuga za Bunda, ambako udongo ni mweusi, hunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, ni vyema kutumia kiasi sawa cha udongo, samadi na mchanga. Mahali ambapo udongo una mchanga mwingi, kama ilivyo katika maeneo mengi yenye miamba ya Musoma na Butiama, mchanga wa kuongeza hauhitajiki kabisa na samadi iongezwe. Kipimo ni kiganja cha mkono: mchanganyiko wenye unyevu ukifumbatwa ushikamane, na ukiguswa kwa kidole usambaratike. Ukibaki donge, ongeza mchanga au pumba. Ukikataa kushikamana, ongeza mboji.

Pumba za mpunga, zinazopatikana kwenye mashine za kukoboa, ni mbadala mzuri wa mchanga kwa kuwa ni nyepesi na hushika hewa. Hufaa zaidi zikichomwa hadi kuwa nyeusi. Moto mdogo huwashwa ndani ya kopo lililotobolewa pande zote, pumba hurundikwa kulizunguka, kisha hugeuzwa hadi zote ziwe nyeusi na kuzimwa kwa maji kabla hazijawa majivu. Hapo ndipo wengi hukosea, maana majivu mengi huongeza chumvi na magadi katika udongo na kuzuia mche kupata baadhi ya virutubisho. Vumbi jipya la mbao nalo liepukwe: likiwa linaoza hunyonya naitrojeni ambayo mche ungeitumia.

Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi. Iliyo tayari haina joto katikati ya lundo, haina harufu kali, na haitambuliki tena kuwa ni kinyesi. Kwa kawaida hufikia hali hiyo baada ya miezi mitatu au zaidi ikiwa imegeuzwa na kupewa unyevu. Kaya zilizo kando ya Ziwa Victoria huweza pia kutengeneza mboji kwa gugumaji, kwa sharti kwamba mimea ikaushwe kabisa na lundo lipate joto kabla ya kutumika, na isisafirishwe ikiwa mibichi kwenda kwenye mabwawa au mito mingine.

Swali la mahali pa kuchota malighafi lina uzito kuliko linavyochukuliwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto shughuli za kudumu au zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya eneo hilo. Uchimbaji wa mchanga ufukweni, hata wa ndoo chache kwa kila nyumba, hatimaye huumomonyoa ukingo huo. Udongo mweusi wa msituni pia una mvuto wake, lakini kuuchota katika misitu ya hifadhi bila kibali hairuhusiwi, na Bunda inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye maeneo ya uchenjuaji wa dhahabu, yakiwemo ya Buhemba wilayani Butiama. Marudio ya uchenjuaji huonekana kama mchanga safi uliochekechwa tayari, na hupatikana bila jasho. Pale zebaki ilipotumika, mchanga huo hubaki na sumu isiyooza wala kuisha kwa kuoshwa au kuchomwa; tena kuuchoma huigeuza zebaki kuwa mvuke unaoingia mwilini kwa kuvutwa na pumzi. Marudio hayo yasitumike kabisa kuoteshea chakula, wala watoto wasiyachezee. Mchanga wa kutosha hupatikana kwenye mitaro ya maji ya mvua iliyo mbali na migodi, gereji na dampo, na uoshwe mara mbili kabla ya kuchanganywa.

Kinachoangusha miche michanga mara nyingi ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha shina usawa wa udongo hadi mche ulale. Vimelea vyake hukaa udongoni, sawa na minyoo fundo na bakteria wa mnyauko wa nyanya. Njia isiyo na gharama ya kuvipunguza ni jua: mchanganyiko uliolowanishwa hutandazwa kwa unene usiozidi sentimita 15, hufunikwa kwa nailoni angavu iliyobanwa pembeni, na kuachwa wiki nne hadi sita. Anayetarajia kusia mwishoni mwa Agosti hana budi kuanza katikati ya Julai. Aliyechelewa anaweza kutumia mvuke, kwa kuweka udongo juu ya kichanja ndani ya pipa lenye maji kidogo na kuuacha kwenye moto hadi kiazi mviringo kilichofukiwa katikati kiive. Kisha upozwe na kukaa siku kadhaa kabla ya kusia. Udongo uliokaangwa kwenye bati hadi kunuka moshi hudhuru miche badala ya kuilinda.

Kuhusu vyombo, trei za plastiki za dukani zenye vishimo 128 ni nzuri na hudumu misimu kadhaa. Ndoo moja ya lita 20 hujaza trei tano hadi sita. Trei ya mayai ya karatasi inasifiwa kupita kiasi. Vishimo vyake 30 hukauka upesi, na karatasi huanza kulegea baada ya wiki mbili, hivyo inafaa kuotesha tu na si kukuzia. Dumu la lita tano la mafuta ya kula lililokatwa ubavuni na kutobolewa chini hudumu zaidi. Gazeti lililoviringishwa kwenye chupa ya soda na kukunjwa kitako hutoa kikopo kinachopandwa pamoja na mche bila kugusa mizizi. Ndoo moja hujaza takriban vikopo 80. Magome makavu ya mgomba yakikunjwa na kufungwa kwa kamba hufanya kazi hiyohiyo.

Baadhi ya wananchi wameacha kutumia viriba wakidhani vimepigwa marufuku. Katazo lililoanza tarehe 1 Juni 2019 linahusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Plastiki za matumizi ya kilimo hazikujumuishwa. Kiriba kiondolewe wakati wa kupanda na kisiachwe shambani.

Mbegu inunuliwe ikiwa kwenye pakiti iliyofungwa, yenye lebo ya TOSCI na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha ifukiwe kwa kina kinacholingana na mara mbili ya unene wake. Nyanya huota ndani ya siku tano hadi nane, pilipili hoho huchelewa hadi wiki mbili. Karoti haifai kuoteshwa kwenye trei, kwa kuwa mzizi wake huharibika ukihamishwa. Umwagiliaji ufanyike asubuhi kwa kopo lenye matundu madogo ili udongo wa juu uwe umekauka kufikia jioni, kwani kinyausi hustawi penye unyevu usiokatika. Anayechota maji ziwani aepuke kuingia majini, kutokana na kichocho. Kivuli cha nyasi na wavu mwembamba, ambao si chandarua cha kulalia, huikinga miche dhidi ya jua na kantangaze.

Kabla ya kujaza trei zote, mchanganyiko mpya ujaribiwe kwa kusia punje kumi za maharage. Iwapo nane au zaidi zitaota na majani ya kwanza kufunguka bila kukunjamana wala kuungua kingo, udongo huo unafaa. La sivyo, sampuli ya udongo na mche mmoja vipelekwe kwa afisa ugani wa kijiji au kata. Siku saba hadi kumi kabla ya kupanda, kivuli kipunguzwe kidogokidogo na maji pia, na miche ihamishwe jioni baada ya mvua ya kwanza ya kutosha kulowanisha ardhi.