Kisukari Kinapofika Kwenye Mishipa ya Fahamu

Wanachuo wenzangu, tukisikia neno kisukari wengi wetu tunawaza chai isiyo na sukari na wazee wenye vitambi. Wachache wanajua kwamba ugonjwa huu hula mishipa ya fahamu kimya kimya, kuanzia kidole cha mguu hadi ubongo.

Kwetu Visiga, pale Barabara ya Morogoro kabla hujafika Mlandizi ukitokea Kibaha, mtu akisema nyayo zinamuwaka moto usiku, hakosekani wa kumwambia amekanyaga mtego wa wabaya wake. Mjomba wangu aliambiwa hivyo hivyo. Siku moja alirudi kutoka shambani na msumari umetoboa kandambili mpaka kwenye nyama, na yeye hana habari. Aliyeshtuka ni shangazi, alipoona damu kwenye mkeka. Alipopelekwa kupimwa, sukari ilikuwa juu sana.

Sasa inakuwaje mtu asisikie msumari? Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka, huharibu neva zenyewe na mishipa midogo ya damu inayozilisha. Neva ndefu kuliko zote ni zile zinazofika vidoleni mwa miguu, ndiyo maana shida huanzia huko: kwanza kuchomachoma na kuwaka moto, kisha ganzi. Ganzi ndiyo hatari zaidi, maana maumivu ni mlinzi. Mlinzi akilala, kidonda kinaingia, kinaoza, na mwisho wake huwa kukatwa mguu. Neva za ndani nazo haziponi: tumbo huchelewa kusaga chakula, kibofu hugoma, nguvu za kiume hupungua, na mtu akisimama ghafla anaona kizunguzungu. Kwenye ubongo, kisukari huongeza uwezekano wa kiharusi, na uzeeni huongeza uwezekano wa kupoteza kumbukumbu.

Tusijidanganye kuwa ni ugonjwa wa wachache. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kama 9 katika kila 100, wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo na umri wa waliopimwa havikufanana, lakini mwelekeo unajionyesha. Maisha yamebadilika: bodaboda hadi mlangoni, chipsi mayai usiku, soda mchana.

Habari njema ni kwamba neva zinaweza kulindwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 1993 ulionyesha kuwa watumiaji wa insulini waliodhibiti sukari kwa makini walipunguza madhara ya neva kwa asilimia 60 hivi. Kwa hiyo dawa zisirukwe, na presha nayo ipimwe. Kagua nyayo kila jioni, usitembee pekupeku, na kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Kama kuna ganzi, usijaribu joto la maji kwa mguu, tumia kiwiko. Anayemeza metformini kwa miaka amuulize daktari kuhusu vitamini B12, maana dawa hiyo huweza kuipunguza, na upungufu wake nao huumiza neva.

Kuna jambo linalotuhusu moja kwa moja hapa bwenini. Mwenzetu anayechoma insulini, sukari ikishuka chini ya 3.9, ubongo unakosa chakula. Atatetemeka, atatoka jasho, ataongea ovyo kama mlevi. Jamani, msimcheke wala msimkimbizie maombi kwanza! Kama anaweza kumeza, mpe nusu glasi ya soda yenye sukari au vijiko vidogo vitatu vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, rudia kama bado, kisha ale. Akizimia, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali.

Likizo ijayo ukirudi nyumbani, muulize mzee wako swali moja: "Nyayo zako unazisikia vizuri?" Akisitasita, mpeleke akapimwe sukari, hata kama hajawahi kuambiwa anayo. Kwa watu wa kwetu, Tumbi ni safari fupi tu ya daladala, na tone moja la damu linatosha kuanzia.