Feri ya mbao, injini ya kurithi

Kabla barabara na magari havijatawala, watu wa Puget Sound, kaskazini-magharibi mwa Marekani, walisafiri kwa vimeli vya mvuke. Vilizagaa kila gati hata vikapewa jina la kundi la mbu. Kinachotembea kwa mvuke mpaka leo ni kimoja tu: Virginia V, feri ya mbao ya mita 38 hivi, iliyoundwa mwaka 1922 na Matthew Anderson huko Maplewood.

Injini haikuwa mpya. Iling'olewa kwenye feri iliyoitangulia, Virginia IV, na ilikuwa imetengenezwa Seattle. Kwa hiyo anayelalamika kwamba ukarabati umeiondolea meli hii uasilia wake, akumbuke ilizaliwa na moyo mkuukuu.

Oktoba 1934 dhoruba iliibamiza kwenye gati la Olalla mpaka sehemu zake za juu zikasagika. Ikatengenezwa, ikarudi njia yake ya Seattle na Tacoma. Lakini dhoruba angalau huonekana ikija. Kinachoimaliza feri ya mbao kimyakimya ni mvua. Maji ya chumvi huzuia kuvu. Ya mvua yakipenya sitahani na kutuama kwenye maungio, huilisha. Na Seattle mvua si mgeni. Fundi hupita akigonga kwa nyundo: ubao mzima hulia, uliooza hutoa sauti butu, na ncha ya kisu huzama bila kusukumwa.

Ndiyo maana ukarabati mkubwa ulioanza miaka ya 1990 ulikula miaka na mamilioni ya dola. Mbao za chombo kama hiki hazibanduliwi zote kwa mpigo, umbo lisije likapotea. Ubao mpya hufungiwa kwenye sanduku la mvuke mpaka ulegee, kisha mafundi hukimbia nao na kuubana kwenye mataruma kabla haujapoa. Ukipoa, basi tena. Halafu kalafati: nyuzi hushindiliwa kwenye nyufa kwa patasi na nyundo. Fundi wa jahazi wa Lamu angeishika kazi hiyo bila mkalimani.

Chini, mvuke bado hupita mitungi mitatu, kutoka mdogo hadi mkubwa, ukizungusha rafadha. Meli imetia nanga Lake Union, Seattle. Asasi inayoimiliki huikodisha kwa sherehe na matembezi, na walinzi wa pwani huikagua kama chombo kingine chochote cha abiria.