Ruhusa na Masasisho katika Usimamizi wa Tovuti ya Jumuiya

Mfumo wa kusimamia maudhui ni programu inayotenganisha habari za tovuti na sura ya kurasa zake, hivi kwamba mwandishi asiyejua lugha yoyote ya kompyuta huchapisha habari kwa kujaza fomu tu, huku alichoandika kikiwekwa katika hifadhidata, yaani ghala la taarifa zilizopangwa kwa majedwali, na kuvikwa sura pale msomaji anapofungua ukurasa. Drupal, iliyotolewa mwaka 2001 na Mbelgiji Dries Buytaert, na WordPress, iliyoanza mwaka 2003, hufuata utaratibu huo na hupatikana bila malipo.

Msimamizi mpya huvutwa kwanza na rangi na nembo, ilhali uamuzi mzito zaidi ni wa ruhusa. WordPress ina daraja 5 za kawaida: mfuatiliaji hurekebisha taarifa zake mwenyewe tu, mchangiaji huandika rasimu asiyoweza kuichapisha, mwandishi huchapisha kazi zake, mhariri hushika kazi za wote, na msimamizi hubadili mipangilio, akaunti na programu-jalizi, yaani programu ndogo zinazouongezea mfumo uwezo. Cheo katika jumuiya hakipaswi kuwa kipimo cha daraja hizi. Mwenyekiti anayetoa tangazo moja kwa mwezi anatoshwa na uandishi, na kumpa usimamizi kwa sababu ya heshima ni kumwandalia mwizi wa nywila yake mamlaka yote ya tovuti.

Hatari nyingine hujificha katika faili la mipangilio la WordPress liitwalo wp-config.php, ambalo hubeba jina na nywila ya hifadhidata kwa maandishi ya wazi. Kwa kawaida seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, hulitekeleza faili hilo bila kulionyesha kwa mgeni, lakini msimamizi akiacha kando yake nakala yenye jina linaloishia na .txt au .bak, seva huiona kuwa maandishi ya kawaida na huweza kumkabidhi yeyote anayebahatisha jina lake.

Kuhusu masasisho, yaani matoleo mapya yanayoziba kasoro, funzo kali lilitoka kwa Drupal tarehe 15 Oktoba 2014, ilipotangazwa kasoro ya toleo la 7 iliyomwezesha mtu asiye na akaunti kupenyeza amri zake hadi kwenye hifadhidata. Wiki 2 baadaye timu ya usalama ya mradi huo ilieleza kwamba tovuti yoyote ambayo haikuwa imesasishwa ndani ya saa 7 tangu tangazo ihesabiwe kuwa imekwisha kuvamiwa. Kwa saa za Afrika Mashariki muda huo ulianza saa 1 usiku na kwisha saa 8 usiku, wakati ambapo msimamizi wa kujitolea huwa amepumzika au amelala. Tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, WordPress hujisasisha yenyewe kwa matoleo madogo ya usalama, ila programu-jalizi kwa kawaida husubiri msimamizi aamue.

Kusasisha baada ya kuvamiwa hakumwondoi mvamizi aliyekwisha kujitengenezea mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kurudi ndani. Dawa iliyoshauriwa na timu ya Drupal ilikuwa kurejesha nakala rudufu ya kabla ya tarehe 15 Oktoba. Nakala ya namna hiyo sharti iwe na hifadhidata pamoja na mafaili ya picha, ikae nje ya seva ya tovuti, na iwe imejaribiwa kurejeshwa kabla ya siku ya shida.