Utangulizi: Kuchagua Mvinyo Wenye Povu

Katika harusi nyingi za mijini Tanzania, mshereheshaji hufika mahali akaamuru muziki ushushwe, wapambe wasogee na chupa itikiswe. Kizibo kinaruka, povu linamwagika sakafuni, ukumbi unalipuka kwa vigelegele, kisha kile kidogo kilichosalia kinagawiwa kwenye glasi na kunywewa pamoja na keki. Mara nyingi chupa yenyewe si shampeni. Ni mvinyo mtamu wa bei nafuu uliotiwa gesi, au juisi ya zabibu isiyo na kileo kabisa, na hakuna ubaya: shughuli ilihitaji kishindo, na kishindo kimepatikana. Lakini ikitokea kamati imejitutumua ikaleta shampeni ya kweli kutoka Ufaransa, wageni wengi hukunja uso. Chachu, wanasema, kama ndimu. Wala hawajakosea. Kinywaji chenye sukari kidogo kikifuata keki mdomoni lazima kiwe kikali, hata kama bei yake ingetosha kulipia ukumbi.

Mvinyo haukuwa mbaya, wala wageni si washamba. Kilichokosewa ni uchaguzi. Ndiyo maana napenda kuanzia hapo ninapomkaribisha mtu katika elimu hii. Wengi hudhani mitindo ya mvinyo wenye povu ni ngazi, Champagne imekaa juu na wengine wamepangwa chini yake kufuatana na bei. Sivyo. Kila mtindo una kazi yake, na mtu anayejua kuuliza maswali matatu anaweza kusimama mbele ya rafu ya supamaketi, Nairobi au Dar es Salaam, akachagua vizuri: gesi ilizaliwa wapi, mvinyo ulikaa na hamira kwa muda gani, na mwishoni ulitiwa sukari kiasi gani. Mengine, pamoja na ile karatasi ya dhahabu shingoni mwa chupa, ni mapambo. Wasomaji wasiotumia kileo kwa sababu ya dini au afya wanakaribishwa pia, maana sehemu kubwa ya habari hii ni kemia, biashara na historia, na hivyo vitatu havileweshi.

Tuanze na gesi. Hamira ikila sukari ya zabibu hutoa kileo na hewa ukaa. Katika mvinyo wa kawaida hewa hiyo huachwa itoke. Huko Champagne, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, kuzunguka miji ya Reims na Épernay, mvinyo uliokwisha kuchachuka hutiwa chupani pamoja na hamira mpya na sukari, gramu 24 hivi kwa lita, kisha chupa inazibwa kabisa. Hewa ikikosa pa kutokea huyeyuka ndani ya mvinyo, na shinikizo hupanda hadi karibu angahewa 6, zaidi ya mara mbili ya lile la tairi la gari dogo. Mvinyo wa mwanzo wenyewe hauvutii: mwepesi, mkali kwa tindikali, kwa kuwa nchi ile ni ya baridi na zabibu zake haziivi kwa wingi wa sukari. Msomaji aliyezoea zabibu za Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, angezionja akazitema. Kumbe ukali huohuo ndio unaoubeba mvinyo usichujuke baada ya miaka kadhaa chupani.

Hapa hutajwa mtawa Dom Pierre Pérignon, kwamba ndiye aliyevumbua povu. Hadithi hiyo ni nzuri kwa wauzaji, lakini si kweli. Pérignon alisimamia ghala la mvinyo la abasia ya Hautvillers kuanzia 1668 hadi alipofariki mwaka 1715, na ustadi wake ulikuwa kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali. Povu kwake lilikuwa kasoro. Baridi ya mwisho wa mwaka ilisimamisha uchachukaji kabla haujakwisha, joto liliporudi hamira ikaamka, na chupa zikapasuka. Waingereza ndio waliotangulia kulipenda. Mwaka 1662 daktari Christopher Merret aliwasilisha andiko mbele ya Royal Society ya London, akieleza kuwa wafanyabiashara wa mvinyo walikuwa wakitia sukari na molasi ili kinywaji kichangamke. Nao walikuwa na kitu ambacho Wafaransa hawakuwa nacho wakati ule: chupa nene, za kioo kilichoyeyushwa kwa moto wa makaa ya mawe.

Hata hivyo, kupasuka hakukuisha. Katika karne ya 19, mfamasia Jean-Baptiste François wa Châlons ndiye aliyeonyesha namna ya kupima sukari iliyomo kwenye mvinyo kabla ya kuongeza nyingine, na kazi iliyokuwa bahati nasibu ikawa hesabu. Tatizo la pili lilikuwa mashapo. Hamira ikimaliza kazi hufa na kutulia chini ya chupa, na mvinyo hubaki na ukungu. Barbe-Nicole Ponsardin, aliyefiwa na mumewe François Clicquot mwaka 1805 akaichukua biashara akiwa na umri wa miaka 27, ndiye ambaye karakana yake ilianza kutoboa meza, kuzipachika chupa kichwa chini na kuzigeuza kidogo kidogo kila siku mpaka mashapo yote yateremke kwenye kizibo. Siku hizi shingo ya chupa hugandishwa, kizibo cha muda kinafunguliwa, na donge la barafu lenye mashapo hurushwa nje na shinikizo lenyewe. Nafasi iliyobaki hujazwa mvinyo na sukari kidogo. (Si ajabu kwamba baadhi ya waliojenga biashara hii walikuwa wajane. Sheria ya Ufaransa ya enzi hizo ilimweka mke chini ya mumewe katika mambo ya mali. Mjane alikuwa huru kutia saini mwenyewe.)

Mjane mwingine, Louise Pommery, ndiye anayekumbukwa kwa kuugeuza mdomo wa dunia. Zamani shampeni ilikuwa tamu kupita kiasi. Mwaka 2010 wapiga mbizi walikuta kwenye merikebu iliyozama karibu na visiwa vya Åland, nchini Finland, chupa 168 zilizokuwa chini ya bahari kwa takriban miaka 170. Wakemia walipozipima walikuta sukari zaidi ya gramu 140 kwa lita. Soda ya kawaida haifiki hapo. Pommery aliwatengenezea Waingereza, waliotaka kinywaji kisicho na utamu, ile shampeni ya mavuno ya 1874 ya mtindo uitwao Brut, na tangu hapo mtindo ukageuka.

Neno hilo Brut ndilo la kwanza kulitafuta kwenye lebo. Chini ya sheria za Ulaya, Brut haizidi gramu 12 za sukari kwa lita, Extra Brut haizidi 6, na Brut Nature ni chini ya 3, bila sukari yoyote iliyoongezwa mwishoni. Extra Dry, ambayo mnunuzi hudhani ndiyo kavu kuliko zote, ina gramu 12 hadi 17, kwa hiyo ni tamu kuliko Brut. Demi-Sec ni 32 hadi 50. Kama kamati ya harusi ingenunua chupa yenye maneno Demi-Sec, keki na shampeni vingeelewana na hakuna ambaye angekunja uso. Nasikitika kuona maduka yetu mengi yanajaza Brut na kuisahau Demi-Sec, wakati vinywaji vyetu vya sherehe vimekuwa vitamu siku zote.

Swali la mashapo linastahili kukaliwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo fedha inapokwenda. Hamira iliyokufa haikai bure. Chembe zake huvunjika polepole na kuachia mvinyoni harufu ya mkate uliotoka tanuri, ya lozi zilizokaangwa, ya siagi, na kuyafanya mapovu yawe laini mdomoni. Jambo hilo haliharakishwi. Champagne ya kawaida hukaa angalau miezi 15 tangu kutiwa chupani kabla ya kuuzwa, na ile yenye mwaka wa mavuno kwenye lebo angalau miaka 3. Cava ya Hispania, ambayo Josep Raventós wa Codorníu aliianzisha mwaka 1872 huko Sant Sadurní d'Anoia, huanzia miezi 9. Ukilipa zaidi, mara nyingi unalipia ghala, muda na mikono ya watu, na baada ya hapo unalipia jina.

Sasa Prosecco, inayodharauliwa na wajuzi wa nusu. Inatoka kaskazini mashariki mwa Italia, kwa zabibu iitwayo Glera, na uchachukaji wake wa pili hufanyika ndani ya tangi kubwa la chuma lililofungwa. Federico Martinotti aliisajili njia hiyo huko Asti mwaka 1895, na Mfaransa Eugène Charmat akaiboresha mwaka 1907. Ni kweli njia ya tangi ni rahisi na ya haraka. Lakini Glera ni zabibu ya harufu nyepesi, ya peasi, tufaa la kijani na maua meupe. Ukiizika miaka mitatu chini ya hamira utapata mvinyo usio na tunda wala mkate. Tangi huihifadhi ilivyo. Kwa hiyo Prosecco hainunuliwi ili iwekwe kabatini isubiri mtoto amalize chuo. Inunue changa, inywe mwaka huohuo. Ukiweza kuchagua, tafuta lebo yenye majina Conegliano Valdobbiadene, ndivyo vilima ambako zabibu hizo huota vizuri zaidi.

Mvinyo mwingine wa Italia, Moscato d'Asti, ni kitu kingine kabisa. Huchachushwa mara moja tu kisha hupozwa ili hamira isimamishwe njiani, hivyo hubaki na sukari nyingi ya zabibu na kileo cha asilimia 5 hivi, chini ya nusu ya kile cha Champagne. Kwa embe lililoiva sijui kinachouzidi. Lambrusco, mwekundu na wenye povu, ni wa watu wa Emilia-Romagna na nyama zao za mafuta. Mivinyo inayozibwa kabla ya uchachukaji wa kwanza kwisha, yenye ukungu na tabia isiyotabirika, ina wapenzi wake. Mimi si mmoja wao. Na ile inayopuliziwa gesi tu kama soda huonekana haraka: mapovu makubwa, yanayokimbia na kwisha kabla mazungumzo hayajakolea.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mtindo unaostahili kujulikana kwanza ni Cap Classique ya Afrika Kusini. Kwa kuwa jina Champagne linalindwa kisheria, watengenezaji wa huko walijipatia lao. Frans Malan wa shamba la Simonsig, karibu na Stellenbosch, alitengeneza Kaapse Vonkel ya kwanza mwaka 1971 kwa zabibu za Chenin Blanc, akifuata njia ileile ya chupa. Leo wengi hutumia Chardonnay na Pinot Noir, na kanuni inadai angalau miezi 12 na hamira. Jua la Cape huongeza tunda, na matokeo yake ni mvinyo wenye mkate na tufaa lililoiva kwa pamoja. Graham Beck, chupa ya mtindo huo, ndiyo iliyonywewa Nelson Mandela alipoapishwa mwaka 1994.

Chupa nzuri inaweza kuharibiwa dakika ya mwisho. Ipozwe hadi nyuzi 6 mpaka 10, na njia bora ni ndoo ya maji na barafu kwa nusu saa. Barafu peke yake haigusi chupa yote. Usiitikise. Legeza waya huku kidole gumba kikishikilia kizibo, inamisha chupa upande, kisha zungusha chupa yenyewe, si kizibo. Sauti iwe ndogo. Glasi iwe na tumbo na mdomo unaobana kidogo, kwani zile nyembamba kama bomba huinyima pua nafasi. Mwanafizikia Gérard Liger-Belair wa Chuo Kikuu cha Reims, aliyeyachunguza mapovu haya kwa kamera za kasi, ameonyesha kuwa viputo vingi huzaliwa kwenye nyuzi ndogo za vumbi au za kitambaa zilizonasa ndani ya glasi. Glasi safi kabisa haitoi karibu chochote. Glasi yenye mabaki ya sabuni ndiyo mbaya, huliua povu. Basi isuuze kwa maji mengi, uifute kwa kitambaa, na inatosha.

Kuhusu chakula, tindikali na mapovu hukata mafuta na chumvi, kwa hiyo Brut yoyote huenda vizuri na samaki wa kukaanga, sambusa na korosho. Pilipili ikizidi, chagua chupa yenye utamu kidogo na kileo kidogo.

Kwa anayeanza, nashauri chupa mbili za siku moja, Prosecco changa na Cap Classique iliyoandikwa Brut, zikiwa na ubaridi sawa, kwa watu wanne au watano wasio na gari la kuendesha baadaye. Kila mmoja aseme ipi angeinunua tena kabla hajaambiwa bei. Champagne inaweza kusubiri: Cap Classique nzuri itakufundisha karibu yote ambayo Champagne ya bei ya chini ingekufundisha, kwa fedha pungufu.