Mashini imekataa kuwaka? Usikimbilie kuformate

Wandugu, wengi wetu tuko na mashini moja tu, tena ya okazio, na ndani yake njo memwari yote iko: tablo za vipimo vya shamba, picha, majibu ya wakulima. Umeme unakatika katikati ya mizajuri, betri haishiki tena, asubuhi ekra inabaki ya buluu. Unaipeleka kwa fundi, anasema: "Hii ni kuformate tu." Muulize kwanza: disiki imekufa, ama ni njia ya kuwakia njo imepotea? Ni magonjwa mawili. Majani ya mahindi yakigeuka njano, haumwagi urea mbele ya kutazama mizizi.

Ukibonyeza butoni, mashini haiijui Windows bado. Kuna programu ndogo kwenye kadi mama, BIOS kwa mashini za zamani, UEFI kwa za karibuni, inayotafuta kwenye disiki fasi ya kuanzia. Kwa UEFI ni kipande kilichofichwa, mara nyingi mega 100 hivi, cha aina ya FAT32. Mule ndani kuna fishie inaitwa BCD, sawa na karatasi inayosema: Windows inakaa hapa. Karatasi hiyo ikiharibika, nyumba bado imesimama. Memwari yako haijaguswa.

Sasa namna ya kuingia. Windows inapoanza kuwaka, zima kwa nguvu, mara 2 ama 3 mfululizo. Kiisha itafungua yenyewe ukurasa wa kujitengeneza. Fuata Dépannage, Options avancées, Invite de commandes. Ukurasa ukikataa kuja, tumia kle USB ya kuinstalia Windows na ubonyeze Shift+F10. Ikikuomba namba 48 za BitLocker, zitafute kwenye konti ya Microsoft ya mwenye mashini. Pasipo hizo hauwezi kusoma kitu. Na kilavye: kwa AZERTY ya Ufaransa, alama ya \ ni AltGr na 8. Watu wanapoteza nusu saa hapo!

Mbele ya kutengeneza, okoa. Andika notepad, fungua Fichier, Ouvrir, chagua kuona fishie zote. Dirisha lile dogo linakuonyesha disiki yote: bonyeza kulia juu ya dosie yako, kopia, kabandike kwenye kle USB. Haionyeshi kama inaendelea, kwa hiyo ngoja. Mimi naona hatua hii peke yake inatosha kumfanya msomi ajue ekra nyeusi.

Angalia pia herufi. Humu Windows inaweza kuwa D: badala ya C:. Andika dir C:\ na ukiona Users na Windows, uko kwako. Kama hapana, jaribu D:, na ubadilishe herufi katika amri zote zinazofuata.

Kiisha chkdsk C: /f inasahihisha makosa ya mpangilio. Ukiongeza /r inasoma disiki nzima, inaweza kuchukua masaa mengi, basi usianze pasipo umeme wa hakika. Disiki ikipiga tak-tak, acha kabisa. Hiyo ni ya kubadilisha.

Kwa kuandika upya ile karatasi kwenye UEFI:

diskpart
list volume
select volume 3
assign letter=S
exit
bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Hiyo 3 ni mfano. Weka namba ya kile kipande kidogo cha FAT32 ulichokiona kwenye liste, wala si cha kle yako, juu nayo mara nyingi ni FAT32. Ndani ya diskpart usiandike kamwe clean, inafuta mpangilio wote wa disiki.

Mashini ya BIOS inatumia bootrec /fixmbr, bootrec /fixboot, kisha bootrec /rebuildbcd. Ile ya kwanza haigusi tablo ya vipande vya disiki, kwa hiyo usiogope. Kwenye UEFI, /fixboot mara nyingi inajibu Accès refusé. Wengi wanakata tamaa hapo, kumbe bcdboot ingemaliza.

Wala usidhani hii ekra nyeusi ni mambo ya zamani. Tarehe 19 Julai 2024, mizajuri mbovu ya CrowdStrike iliangusha mashini karibu milioni 8.5 duniani, hata viwanja vya ndege vilisimama. Dawa ilikuwa kuingia humu humu ama kwenye mode sans échec, na kufuta fishie moja.

Ikiwa BCD iko sawa na Windows bado inaanguka njiani, fishie zake zenyewe njo zimeharibika: sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows. Ikimaliza, andika exit, toa kle, wacha iwake.