Maaskofu Waliolala Nje Mjini Gulu
Juni 2003, vita vya waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) vikiwa vimepamba moto kaskazini mwa Uganda, Askofu Mkuu John Baptist Odama na viongozi wenzake wa dini walilala nje mjini Gulu pamoja na watoto waliokuwa wakikimbia vijiji vyao kila jioni wasitekwe na waasi. Wapo watakaosema hayo yalikuwa maonyesho tu. Sikubaliani nao. Waliolala chini na watoto hao waliufanya ulimwengu utazame janga ulilokuwa ukilipuuza, na sala yao ikapata miguu.

Wala hawakuanzia hapo. Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu wa Acholi, eneo la Gulu, walikuwa wameungana tangu miaka ya 1990, wakaishinikiza serikali mpaka Sheria ya Msamaha kwa waasi wanaoacha vita ikapitishwa mwaka 2000. Maelfu ya wapiganaji waliweka silaha chini. Je, huko si kuwaachia wauaji? Swali ni zito, hasa kwa aliyefiwa. Lakini wengi wa wapiganaji hao walitekwa wakiwa watoto, na mzazi aliyemwombea mwanawe kanisani alikuwa akimwombea huyohuyo aliyeshikishwa bunduki. Askofu Macleod Baker Ochola, ambaye mkewe aliuawa na bomu la ardhini mwaka 1997, aliendelea kutetea msamaha.

Ni kweli, kiongozi wa LRA, Joseph Kony, alikataa kutia saini mkataba wa mwisho wa amani mwaka 2008. Hata hivyo, mazungumzo ya amani ya Juba kati ya serikali na LRA yalileta utulivu, na familia zilizokuwa zimehamishwa na vita zikaanza kuondoka kambini kurudi mashambani kwao.